Mkurugenzi wa Uozaji wa Taifa

Nchi yenyewe haitajwi hapa. Ikitajwa, wenyewe watakuja juu waseme si kwao; na isipotajwa, majirani zake wote wataapa kwamba ni kwao. Itoshe kusema ilikuwa nchi nzuri, yenye mito miwili, bunge moja, na amani nyingi ambayo wananchi waliitunza kwa kunyamaza.

Kiongozi wake, Mtukufu, alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa mazingira. Huko akaandaliwa chakula cha mchana kwenye kibakuli cha rangi ya udongo, na mwenyeji wake akamwambia kwamba kibakuli kile kikitupwa kitaoza na kuwa mbolea. Mtukufu alikitazama sana. Inasemekana hata hakula. Aliporudi, kabla hajavua kofia, alitangaza pale pale uwanja wa ndege kwamba plastiki imekwisha. Kuanzia Jumatatu, chakula chote kitakachouzwa nchini, kiwe wali, mihogo au karanga, kitafungwa kwenye kitu kinachooza, na asiyetaka kuoza atafute pa kwenda.

Watu walifurahi kwa dhati. Mifuko ya plastiki ilikuwa imeziba mifereji yao na kuua ng'ombe wao. Wakafanya walilolijua: wakaingia migombani, wakakata majani, wakayababua motoni, wakafungia vyakula vyao.

Hapo ndipo Wizara ilipowaelimisha. Jani la mgomba, ilisema Wizara, halina cheti cha kuoza. Kitu pekee chenye cheti ni kasha la kijani linalotoka kiwandani kwa shemeji yake Mtukufu, bwana ambaye nchi nzima ilimwita Shemeji, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana si ndugu. Juu ya mfuniko wa kila kasha palikuwa na picha ya Mtukufu akitabasamu. Mama mmoja muuza vitumbua alikamatwa na jani, na jani likawekwa mahakamani kama kidhibiti. Kesi ilipofika kusikilizwa, jani lilikuwa limeshaozea ndani ya droo. Hakimu alifuta shitaka kwa kukosa ushahidi, kisha akamsomea mama yule shitaka jipya la kuharibu ushahidi.

Katika Wizara hiyo alikuwamo Bwana Athmani Ngoda. Alikuwa amefika umri wa kuota mvi bila bosi yeyote kulikumbuka jina lake, na hilo halikutokea kwa bahati. Lilikuwa jasho lake. Mikutanoni alikaa nyuma ya nguzo. Makofi hakuanza yeye kupiga, wala hakuwa wa mwisho kuacha, kwa sababu aliwahi kuona yanayowapata wa mwisho. Mkewe, Bi Tausi, alikuwa mama mkavu wa maneno, na shamba lake la migomba nyuma ya jiko lilikuwa ndiyo furaha yake. Binti yao, Shani, alikuwa ameolewa mbali. Walikuwa wakiishi vizuri, maana yake hakuna aliyewajua.

Jioni moja redio ilisoma teuzi. Athmani alikuwa akioga. Alipotoka alimkuta Tausi amesimama katikati ya sebule na mwiko mkononi.

"Baba Shani, wamekutaja."

"Wamenitaja kwa kosa gani?"

"Si kosa. Wamekupa cheo. Wewe ni Mkurugenzi."

"Wa nini?"

Tausi alisita. "Labda sikusikia vizuri. Wamesema wa Uozaji wa Taifa." Akarudi jikoni, kisha akachungulia tena mlangoni. "Mama yako usimwambie. Ana presha."

Athmani aliapishwa siku ambayo Mtukufu alizindua kasha la kwanza. Uwanja wa mbele ya Ikulu ulifurika. Mtukufu alikula pilau kutoka kwenye kasha la kijani, vijiko vitatu, bendi ikipigwa kila kijiko. Kisha akalifunika, akashika beleshi lililopakwa dhahabu, na kulizika kasha kwa mikono yake.

"Ndugu wananchi," alisema, "wako wanaojisifu kwamba wanaendelea. Waacheni. Sisi tumechagua kuoza! Tutaoza kwa umoja, tutaoza kwa mpangilio, na hakuna nguvu yoyote duniani itakayotuzuia kuoza!"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Mtukufu akaahidi kwamba ikifika Siku ya Udongo atalifukua kaburi lile mbele ya mabalozi wote, atachota udongo uliotokana na kasha, na kuupandia mche wa mvule.

Waziri, Mheshimiwa Dokta Kalunde, mwanamke mwenye sauti laini kama siagi, alimsogelea Athmani sikioni. "Hongera, Mkurugenzi. Siku hiyo likiwa udongo utavishwa nishani. Lisipokuwa udongo..." Hakumalizia. Alimwekea tai yake sawa, akaivuta juu kidogo, akaenda zake.

Athmani alipewa ofisi, gari, na askari wawili wa kulinda kaburi. Usiku wa kwanza alilala. Wa pili hakulala, kwa sababu alikuwa amekumbuka picha.

Wizarani palikuwa na kijana mmoja wa idara ya habari aliyewahi kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba bango la Mtukufu lililonyeshewa mvua limeanza kuoza pembeni. Alipelekwa masomoni jioni ile ile. Hadi leo mkewe hufika Wizarani kuuliza ni chuo gani.

Sasa Athmani akapima. Kasha lisipooza, Mkurugenzi wa Uozaji amehujumu taifa. Kasha likioza, uso wa Mtukufu nao umeoza, ardhini, kama uso wa maiti, na aliyesimamia jambo hilo ana jina na ana ofisi. Alipima mbele, akapima nyuma. Kila upande aliona lango la chuo kile kile.

Hamu ya chakula ikamtoka. Aliposhika kikombe cha chai, kikombe kilizungumza na kisosi chake.

Asubuhi moja hakuweza kustahimili tena. Alizungushia kaburi turubai, akawaambia askari kwamba uozaji ni siri ya nchi, akaingia na beleshi. Alichimba. Alilipata kasha, akalifuta udongo kwa kiganja. Pilau ilikuwa imegeuka tope jeusi, imekufa kifo chema. Lakini kasha lilikuwa jipya. Liling'aa. Halikuwa na hata kovu. Na juu ya mfuniko Mtukufu alikuwa akimtazama na kutabasamu kwa meno yote, kama mtu aliyekuwa akimsubiri.

"Mkurugenzi," koplo aliita kutoka nje, "limeoza?"

"Linaoza."

"Mbona naona kitu kinang'aa kwenye upenyo hapa?"

"Ndivyo vinavyooza vitu vya kisasa," Athmani akajibu, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto.

Alikimbilia kwa Waziri. Alipofungua mdomo tu, Waziri aliinuka, akafunga dirisha, akawasha redio, akaipandisha sauti.

"Sijasikia," alisema.

"Mheshimiwa, sijasema bado."

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Kuoza kwa kasha ni jukumu lako. Kutooza kwa picha ni jukumu lako pia. Mimi jukumu langu ni kukuamini." Akamfungulia mlango. "Na ninakuamini sana, Bwana Ngoda. Nimeshaandaa hotuba mbili, moja ya kukusifu."

Akaenda kwa Shemeji. Kiwandani hapakuwa na mtambo. Palikuwa na ghala lenye giza, marobota ya makasha meupe yaliyovushwa mpakani kwa malori, na vijana waliokuwa wakiyapulizia rangi ya kijani.

Shemeji, mtu mnene mwenye kucheka ovyo, alimkaribisha soda. "Hii ni plastiki, shemeji yangu. Plastiki safi. Ulitaka niwape watu kitu kinachooza, kiwavujishie mchuzi mapajani? Aliyekula akashiba huwa hakumbuki kasha."

"Lakini Mtukufu atafukua!"

"Aah, hilo." Shemeji aliacha kucheka, na kule kuacha ndiko kulikomtisha Athmani. "Hukujiuliza kwa nini walikuteua wewe, mtu asiyejulikana hata na wafagiaji? Nchi ina wataalamu wa udongo, wana shahada zao. Lakini mtaalamu akikamatwa, watu huuliza." Akampigapiga begani. "Kunywa soda yako. Inapata moto."

Athmani alirudi nyumbani kwa miguu, gari akaliacha huko huko. Aliketi kwenye kigoda jikoni akamweleza Tausi kila kitu. Tausi alisikiliza bila kuacha kuchambua mchele.

"Kwa hiyo wanataka kasha lioze na uso usioze," alisema mumewe alipomaliza.

"Hakuna kitu kama hicho duniani, Mama Shani."

"Kipo, ukiwa na mkasi."

Alimchukua nyuma ya jiko, pale alipozoea kutupa majani ya migomba na maganda. Aliingiza mkono akatoa fumba la udongo mweusi, laini, wenye harufu ya mvua. "Kasha lako hili hapa, limeshaoza. Kata uso wake kwenye mfuniko, uuache humo shimoni, hilo liplastiki lingine lilete hapa."

"Wakinikamata?"

"Usipofanya je?"

Kesho yake mchana jua likiwa utosini Athmani aliingia tena ndani ya turubai lake, na kikapu kilichofunikwa kanga. Aliwaambia askari ni dawa za maabara. Alikata uso wa Mtukufu kwa uangalifu wa mnyoaji anayemnyoa mfalme, na mkasi ulipokaribia sikio alijikuta akinong'ona, "Samahani, Mtukufu." Alimimina udongo wa Tausi shimoni, akaulaza uso juu yake, akafukia. Kasha alilibonyeza, akalificha ndani ya shati.

Tatizo la plastiki ni kwamba haijui kunyamaza. Kila hatua aliyopiga, tumbo lake liliita *kwacha, kwacha*.

Koplo aligeuka. "Mkurugenzi, nini hicho?"

"Tumbo."

Koplo alimtazama. Athmani alihisi kasha likianza kuteleza. Alilibana kwa kiwiko. *Kwacha.*

"Hata mimi linanisumbua tangu tuanze kula vya kwenye yale makasha," koplo akasema, akampisha.

Nyumbani walijaribu kulichoma kasha. Likatoa moshi mweusi uliopaa juu ya nyumba kama bendera, wakaharakisha kulizima. Kulizika, walijua hakuna maana. Mwisho Tausi akalisukuma chini kabisa ya pipa la unga, akashindilia unga juu.

Siku ya Udongo ikafika. Mabalozi walikaa kivulini, wananchi juani. Athmani aliwekwa mstari wa mbele kabisa, mahali ambapo hapakuwa na nguzo. Alipogeuka aliona nyuma ya kiti chake wanaume wawili wenye miwani myeusi, na mmoja wao alikuwa ameshika pingu waziwazi, kama mtu aliyeshika funguo za nyumba yake.

Mtukufu alichimba. Beleshi la kwanza, bendi ikapiga. La pili. La tatu akasimama ghafla.

Athmani alikuwa karibu, na alichokiona hakukitarajia. Mtukufu alikuwa ameduwaa. Udongo mweusi, laini, umejaa kwenye beleshi, na katikati yake uso wake mwenyewe, mkamilifu, ukimchekea. Shemeji, kule jukwaani, aliinuka nusu, akasahau kuketi.

Mara mwanamke mmoja kati ya watu akapiga kigelegele, na wengine, kwa kuogopa kuwa wa mwisho, wakamfuata. "Kasha limeoza, Mtukufu haozi!" mtu akapaza sauti, na uwanja mzima ukaidaka. Watu walicheza. Mzee mmoja alizimia. Waziri alipanda jukwaani na hotuba ya kusifu, machozi yakimtoka kwa zamu, jicho moja kisha lingine. Mbele ya mabalozi akatangaza kwamba uchaguzi uliokuwa ukikaribia hauna maana tena, kwa kuwa huwezi kumpigia kura mtu asiyeoza ukampambanisha na wanaooza. Palepale wabunge walinyoosha mikono, wakapitisha.

Athmani alipiga makofi mpaka viganja vikafa ganzi. Wanaume wa pingu walikuwa wameondoka. Alivishwa nishani. Alifika nyumbani akacheka, akalia, akaomba chakula.

Tausi aliweka sahani mezani. Alikuwa amesikiliza yote redioni. "Nilitaka tuokoe shingo moja," alisema taratibu. "Sikujua tutafunga zote."

Asubuhi yake gari lilikuja kumchukua Athmani. Dereva hakumsalimia. Alipelekwa Ikulu, akapitishwa korido ndefu, akaachwa kwenye chumba ambamo Mtukufu alikuwa ameketi peke yake, bila kofia. Bila kofia alikuwa mzee mdogo, mwenye upara na madoadoa.

Mezani, mbele yake, palikuwa na kasha la kijani lililobonyea, limejaa unga, mfuniko wake una tundu mahali pa uso.

Athmani alilitambua.

"Vijana wamelikuta kwenu muda si mrefu," Mtukufu alisema. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Mtukufu. Ni mimi peke yangu."

"Mkeo?"

"Mke wangu hajui lolote. Hata kasha hajui lina rangi gani." Athmani alishangaa kuisikia sauti yake. Maisha yake yote alikuwa amedanganya ili ajifiche, na hii ilikuwa mara ya kwanza kudanganya ili aonekane.

Mtukufu akaashiria mlango wa pembeni. Ukafunguliwa. Tausi alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, vumbi la unga limemtapakaa kwenye kanga, askari kulia na kushoto.

"Huyu naye anasema ni yeye peke yake," Mtukufu alisema. "Anasema wewe ni mjinga, huwezi kubuni kitu kama hiki."

"Ni mjinga kweli, baba," Tausi alisema haraka, macho yakimsihi mumewe anyamaze. "Muulizeni mtu yeyote."

Mtukufu aliwatoa askari nje kwa mkono. Akawatazama mume na mke kwa zamu, kama mtu anayetazama chakula cha watu wengine.

"Shemeji aliniambia tangu mwanzo kwamba ni plastiki," alisema. "Nilijua nitafukua kasha zima. Wewe, Bwana Ngoda, ungepelekwa ndani, sisi tungeendelea na mambo yetu. Sasa nikachimba nikaona udongo. Sikuwa nimeuagiza udongo ule. Kwa usiku mzima, kabla vijana hawajapekua kwenu, niliamini. Unaelewa? Mimi mwenyewe niliamini."

Akaegemea mezani.

"Wewe ndiye Mkurugenzi wa Uozaji," Mtukufu akasema, na sauti yake ikashuka ikawa ya mtu anayemuuliza daktari. "Niambie ukweli. Mimi nitaoza?"

Athmani alikuwa na jibu tayari mdomoni. Ndilo jibu ambalo mtu yeyote mwenye akili angelitoa, na uwanja mzima ulikuwa umeshalitoa jana. Lakini alimwangalia mzee yule mwenye madoadoa, akaona kwamba anaogopa, anaogopa kama yeye, labda zaidi, na hana hata Tausi wa kumdanganyia. Neno likamponyoka.

"Utaoza, Mtukufu."

Tausi alifumba macho.

"Ila," Athmani akaongeza kwa kasi, "kwa utaratibu. Kwa heshima zote. Na si leo."

"Lini?"

"Inategemea na udongo, Mtukufu."

Mtukufu alikaa akilitazama lile kasha. Alichovya kidole kwenye unga, akakisugua, akakipangusa kwenye koti lake. Nje bendi ilikuwa ikifanya mazoezi.

"Tokeni," akasema.

Walitoka. Korido ilikuwa ndefu kuliko walivyoingia. Kila mlango waliopita Athmani alisubiri ufunguke. Kila buti lililolia nyuma yao alisubiri limfikie. Hawakushikana mikono, kwa kuogopa kuonekana wamefurahi. Walipita lango kuu. Askari wa lango aliwapigia saluti, akaiona nishani tu. Walitembea barabara nzima bila kugeuka, na hakuna aliyewaita.

Uchaguzi haukufanyika. Makasha bado yanauzwa, mifereji imeziba tena, safari hii kwa rangi ya kijani. Watu husema Mtukufu siku hizi haonekani sana, na kwamba ameamuru vioo vyote vya Ikulu viondolewe. Athmani alifukuzwa kazi kwa tangazo la redio ambalo halikutoa sababu. Yeye na Tausi walihamia karibu na Shani, mji wa mpakani, wanauza viazi na maharage. Wateja huja na sahani zao.

Hakuna aliyewahi kuwafuata. Hilo ndilo linalomsumbua. Gari likipunguza mwendo mbele ya kibanda chao, Athmani huacha kutafuna, hubaki na tonge shavuni, macho chini. Tausi huweka mkono juu ya goti lake, na wote wawili husubiri, mpaka gari lipite.